Karume wa Unguja: toka chama cha mabwato hadi kisiwa kisichosema

Ng'ambo ya ziwa letu, ku Kigoma, kila tarehe 7 ya mwezi wa nne ofisi zinafungwa na watoto hawaendi masomoni. Sisi tuliopita ukimbizini Lugufu na Nyarugusu tuliizoea siku hiyo. Tuliambiwa ni Siku ya Karume, tukapumzika, basi. Wachache walijisumbua kuuliza huyo Karume alikuwa nani. Leo tunataka kusimulia maisha yake, juu yanatugusa sisi watu wa kariere kuliko tunavyofikiri. Alikuwa mtu wa kazi ya mikono. Alipanda juu kwa nguvu ya wafanyakazi wenzake waliokaa pamoja. Na alipofika juu, alitawala kisiwa cha Waislamu kwa vyombo alivyofundishwa na serikali za kikomunisti.

Tuna sababu nyingine. Ku Misisi, ku Lubichako na hapa Baraka, kila wakati vita inapotoka kilima hiki na kuingia kilima kile, tunasikia wababa wakisema nchi inataka mtu mmoja mkali, chama kimoja, mdomo mmoja. Wanasema wakati wa Mobutu watu walikuwa wanalala usingizi. Hatuwacheki. Mtu aliyekimbia na watoto mgongoni mara tatu ana haki ya kutamani usingizi. Lakini Unguja ililala miaka 8 chini ya mtu wa namna hiyo, na inafaa tujue ililala ginsi gani.

Abeid Amani Karume alizaliwa mwaka wa 1905. Serikali ya Zanzibar inaandika kwamba alizaliwa Mwera, kijiji cha Unguja. Wapinzani wake walisema hapana, huyu ametoka Nyasaland, nchi inayoitwa leo Malawi. Mwaka wa 1957 walimfikisha mbele ya sheria wapate kumzuia asigombee uchaguzi, wakashindwa. Sisi wa Fizi tunaijua vema hadithi ya kuulizana nani mwenyeji na nani mgeni. Tunajua inaanzia ku makaratasi, na tunajua inaweza kufika wapi.

Masomo alipata kidogo. Bado kijana akaingia melini kuwa baharia, na kwa miaka mingi bahari ndiyo ilikuwa shule yake. Aliona bandari za Ulaya na za Asia, akaijua London. Aliporudi nyumbani akiwa mtu mzima, alianza kazi iliyomfanya awe Karume tunayemjua. Meli kubwa zilikuwa zinasimama mbali kidogo na nchi kavu, abiria na mizigo wanashushwa kwa mabwato. Mtu wa Baraka hahitaji maelezo marefu hapo: anajua bwato linavyofika, wabebaji wanavyoingia majini mpaka kiunoni, kila mmoja anavuta mzigo upande wake, na bei inaanguka juu ya kunyang'anyana. Karume akawa kiongozi wa chama cha watu wa mabwato ya mota, waliokubali kufanya kazi pamoja.

Sisi wa sendika tunaijua kazi hiyo. Si kazi ya kupiga makelele, kama watu wa nje wanavyodhani. Ni kukaa na watu wanaoshukiana, kuandika nani ametoa mchango na nani hajatoa, kumtuliza yule anayetaka kupigana na kumrudisha yule anayetaka kuondoka. Anayeweza kuwaweka pamoja watu wa bandari anaweza kuweka pamoja watu wengi zaidi.

Na Unguja ya wakati ule ilikuwa na watu wengi wa kuwekwa pamoja. Ilikuwa nchi ya Sultani chini ya ulinzi wa Waingereza toka mwaka wa 1890. Mashamba makubwa ya karafuu yalikuwa hasa ya Waarabu, biashara ya mjini hasa ya Wahindi. Waafrika maskini walikaa upande wa pili wa mkono wa bahari, kwenye kartie iliyoitwa Ng'ambo. Katika mababu wa watu wa Ng'ambo kuna waliotoka upande wetu huu, toka Manyema na kando ya Tanganyika, waliovushwa ziwani mpaka Ujiji, kisha Tabora, kisha Bagamoyo, wakiwa watumwa wa misafara. Njia ileile iliyowapeleka wao pwani ndiyo iliyotuletea sisi Kiswahili na Uislamu. Utumwa ulifutwa ku Zanzibar mwaka wa 1897 tu. Karume alipozaliwa, watu waliopata kuwa watumwa walikuwa bado hai na bado wana nguvu ya kulima. Bila kukumbuka hilo, mtu hawezi kuelewa hasira iliyokuja nyuma.

Mwaka wa 1948 wafanyakazi wa bandari waligoma, na mji mzima ukasimama. Waingereza waliona kwa mara ya kwanza kwamba watu wa Ng'ambo wakikunja mikono, meli hazipakuliwi. Karume aliingia katika baraza la mji, akaongoza African Association, na mwezi wa pili wa mwaka wa 1957 chama hicho kiliungana na Washirazi wakazaa Afro-Shirazi Party, ASP. Mwaka huohuo alisimama kwenye uchaguzi hapo Ng'ambo kupambana na Ali Muhsin, kiongozi wa chama cha Hizbu, mtu aliyesoma Makerere. Baharia alimwangusha msomi.

Baada ya hapo siasa ya kisiwa iligawanyika vibaya. Uchaguzi wa mwezi wa sita 1961 ulimalizika kwa watu 68 kuuawa. Ule wa mwaka wa 1963 ulikuwa na hesabu ya ajabu: ASP ilipata kura asilimia 54, lakini viti 13 tu kati ya 31. Hizbu na wenzao ndio waliopewa uhuru tarehe 10 mwezi wa 12 mwaka wa 1963, pamoja na Sultani Jamshid. Uhuru ule uliishi mwezi mmoja na siku mbili. Usiku wa kuamkia tarehe 12 mwezi wa kwanza 1964, vijana walivamia kambi za polisi wakachukua bunduki. Mbele yao alikuwako John Okello, Mganda aliyekuwa ameishi Pemba. Sultani alikimbia kwa meli. Katika siku zilizofuata maelfu ya watu, wengi wao Waarabu, waliuawa, na hesabu yao inabishaniwa mpaka leo. Damu ile hatuwezi kuipita kimya kwa sababu tu waliouawa walihesabiwa kuwa upande wa matajiri. Wengi walikuwa wenye viduka vidogo na wakulima wa kawaida.

Karume akawa prezida wa Jamhuri ya Watu wa Zanzibar, jina lililokatwa kwa kitambaa kilekile cha majina ya China na Ulaya ya mashariki. Miezi miwili haikupita akamfungia Okello mlango wa kurudi kisiwani. Mwezi wa nne alitia sahihi muungano na Nyerere, ikazaliwa nchi tunayoiita Tanzania, naye akawa makamu wa kwanza wa prezida wake. Lakini Unguja na Pemba aliendelea kuzishika mwenyewe, na Nyerere hakuwa na mkono mrefu huko.

Tuseme kwanza mema yake, juu yapo, na wanaoyakumbuka si wajinga. Ardhi ilitaifishwa, na familia elfu nyingi ambazo hazikuwahi kumiliki hata mti mmoja zikapewa eka 3 kila moja. Shule zikawa bure, matibabu bure. Watoto wa wapagazi wakaingia sekondari. Kule Ng'ambo nyumba za makuti zilianza kubomolewa, na mahali pake yakapandishwa majengo marefu ya saruji, Kikwajuni kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, kisha Michenzani, majengo yanayoonekana mpaka leo. Mama ambaye nyanya yake aliuzwa sokoni alipewa ufunguo wa nyumba yenye umeme na maji ya bomba. Sisi ambao watoto wetu wanalala chini ya mahema ya plastiki kando ya shimo linalotoa dhahabu, hatuwezi kusema hicho ni kitu kidogo.

Ila hata majengo yale yalipandishwa kwa jasho ambalo halikuombwa kwa upole. Watu wa mji walitakiwa waje kubeba mawe na kuchanganya saruji. Iliitwa kujitolea. Wazee wetu waliofanya salongo ya Mobutu wanajua ginsi ya kujitolea ambako jina la asiyekuja linaandikwa.

Sasa tufike ku jambo linalotuuma sisi zaidi. Mtu huyu aliyeinuka kwa chama cha mabwato, baada ya kushika nchi, alivunja vyama huru vya wafanyakazi. Kazi yao ikawekwa ndani ya ASP kama idara moja ya chama tawala. Sababu iliyotolewa ni ileile inayotolewa kila mahali: serikali sasa ni ya wafanyakazi wenyewe, basi watagoma juu ya nani? Kwetu Mobutu alifanya hivyohivyo mwaka wa 1967, akakusanya masendika yote kuwa moja, ambalo baadaye liliitwa UNTZA, na mkubwa wa sendika akawa mtu wa MPR. Baba zetu walikatwa mchango ku mshahara wao miaka na miaka, na hakuna aliyewauliza wanataka nini. Sendika inayomwogopa mwajiri ina tabu, lakini sendika ambayo ni mtoto wa mwajiri ni kitu kingine kabisa. Hiyo inamwandikia mwajiri majina ya wanaonung'unika.

Chama cha Umma cha Abdulrahman Babu, ambacho ndicho kilikuwa cha wakomunisti wenyewe, waliosoma Marx na kupata mafunzo Cuba na China, Karume alikivunja mwezi wa tatu tu wa 1964. Hapo ndipo mtu anapoona kwamba Karume hakuwa mkomunisti wa mabuku. Alichokipenda kwa wakomunisti si mafundisho juu ya mfanyakazi. Alipenda vyombo vyao: chama kimoja, kamati moja inayoitwa Baraza la Mapinduzi, ambayo inaandika sheria na kuzitekeleza, na polisi ya siri. Wajerumani wa Mashariki ndio waliofundisha polisi hiyo. Markus Wolf, mkubwa wa ujasusi wa Berlin Mashariki, alifika mwenyewe Unguja mwaka wa 1964. Mwishoni mwa utawala wake Karume alileta mahakama za watu, zisizo na mwanasheria wa kumtetea mshitakiwa. Na juu ya uchaguzi alisema hadharani kwamba hautakuwako kwa miaka 50 au zaidi.

Njo ukimya ukaingia. Abdallah Kassim Hanga alikuwa mmoja wa wakubwa wa Mapinduzi, makamu wa Karume katika ile jamhuri ya kwanza. Alisoma Moscow, akaoa huko, akazaa mtoto wa kike. Othman Sharifu alikuwa mwalimu na kiongozi wa ASP toka mwanzo, kisha balozi Marekani. Wote wawili walikuwa bara wakati walipokamatwa, mwishoni mwa miaka ya 1960, wakarudishwa Zanzibar, wakauawa. Nyerere aliyekubali warudishwe alibaki na mzigo huo. Binti wa Hanga, Yelena, alikua Moscow, akawa mwandishi wa habari mwenye jina kubwa, bila kumjua baba yake. Watu hawa hawakuwa Waarabu wala watu wa Sultani. Walikuwa wenzake wa safari. Katika utawala wa namna hii, baada ya maadui kumalizika, zamu inayofuata ni ya marafiki.

Kuna kitu kimoja ambacho mchimbaji wa Fizi atakielewa haraka kuliko msomi wa Kinshasa: karafuu. Kwa Unguja na Pemba, karafuu ni kama dhahabu kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 bei ya karafuu katika dunia ilipanda sana, juu Indonesia ilikuwa inainunua kwa wingi kutia ndani ya sigara zake. Mnunuzi alikuwa serikali peke yake. Mkulima wa Pemba alipata sehemu ndogo ya bei ile, na nyingine yote ikaingia sandukuni. Basi watu wakafanya ambalo watu wanafanya kila mahali: usiku wakapakia magunia ku mabwato, wakavuka kwenda Kenya. Serikali ikajibu kwa kuweka adhabu ya kifo kwa magendo ya karafuu. Mtu anapanda mti wake, anapanda juu yake kuchuma, anaanika chini ya jua, na akiuza pengine anaweza kuuawa. Sisi tunasukumwa na mamia ya vizuizi na barua za kodi njiani toka shimo mpaka mezani pa mnunuzi, lakini bado hatujafika hapo.

Na watu wa Fizi wanajua pia kwamba mambo haya hayakuishia Unguja. Mwisho wa mwaka wa 1967 Laurent-Désiré Kabila aliunda PRP katika milima yetu, na ile Hewa Bora ikawa kama nchi ndogo: chama kimoja, mafundisho ya Marx, mashamba ya pamoja, na dhahabu na pembe za ndovu zinavuka ziwa kwenda Kigoma kwa mkono wa chama. Wazee walioishi humo bado tunao. Wakikaa na mtu wanayemwamini, wanasimulia.

Wakati magendo ya karafuu yalipopigwa, Unguja ilikuwa imeweka akiba kubwa ya franga za kigeni benki za nje. Lakini dukani vitu vilipungua. Mchele na unga wa kutoka nje vilibanwa, foleni zikawa ndefu, watu wakagawiwa kwa kipimo. Karume aliamini kisiwa kitajilisha chenyewe. Mwaka wa 1968 kazi ya kupambana na malaria iliyosaidiwa na OMS ilisimamishwa, wakati ugonjwa ulikuwa umeshuka chini kabisa. Miaka michache ilitosha, malaria ikarudi kama zamani. Hakukuwa na gazeti la kuuliza, hakukuwa na sendika ya waganga ya kuandika barua, hakukuwa na mjumbe wa upinzani wa kusimama. Kosa la mtu mmoja lilienda moja kwa moja mpaka ku kitanda cha mtoto bila kukutana na mtu njiani.

Sasa dini. Unguja na Pemba karibu watu wote ni Waislamu, na Karume mwenyewe alikuwa Mwislamu. Hakufanya kama Albania, ambako mwaka wa 1967 wakomunisti walifunga kila msikiti na kila kanisa. Misikiti ya Unguja iliendelea, adhana iliendelea, watu walifunga Ramadhani. Alichofunga ni mdomo wa msikiti. Muslim Academy, chuo kilichofundisha waalimu wa dini, kilifungwa. Kisiwa ambacho wanafunzi wa dini walikuwa wanakisafiria toka Komoro, Lamu na mpaka huku kwetu kwenye maziwa, kikaanza kuwapoteza mashehe wake. Wengine walitiwa gerezani, wengine walihama. Shehe Abdallah Saleh Farsy, kadhi mkuu wa Zanzibar, aliondoka akaenda Kenya, na huko akafanywa kadhi mkuu wa nchi hiyo mwaka wa 1968. Tafsiri yake ya Kurani kwa Kiswahili ilitoka Nairobi mwaka uliofuata. Ilipaswa kuwa heshima ya Unguja.

Jambo la mwaka wa 1970 liliumiza watu wa dini zaidi ya yote. Wasichana wa jamii ya Washia wenye asili ya Uajemi walichukuliwa kwa nguvu wakaozwa kwa watu wa Baraza la Mapinduzi, na jamaa waliokataa wakakamatwa. Serikali ilisema inafuta ubaguzi wa rangi katika ndoa. Ubaguzi ulikuwako, hatukatai; kulikuwa na nyumba ambazo hazingemtoa binti kwa mtu mweusi hata kama ana dini na mali. Lakini hakuna shehe duniani atakayeita ndoa kitu kinachofanywa msichana analia na baba yuko jela. Dunia nzima ilipiga kelele. Ndani ya Unguja, mimbari zilinyamaza.

Namna hii ya kushika dini iliendelea katika nchi nyingine za Waislamu zilizopita katika ukomunisti. Ku Somalia Siad Barre alitangaza ujamaa wa kisayansi mwaka wa 1970, na mwezi wa kwanza 1975 akawapiga risasi mashehe 10 waliopinga sheria yake ya familia. Aliongoza mpaka 1991, na siku alipokimbia, serikali nzima iliondoka naye. Wasomali walikuja mpaka Kenya na Tanzania kutafuta mahali pa kulala. Ku Uzbekistan, nchi iliyotoka ndani ya Umoja wa Kisovyeti, Islam Karimov alikuwa mkubwa wa chama cha kikomunisti mwaka wa 1989. Ukomunisti ulipokufa alibadilisha jina la cheo tu, akabaki mpaka alipokufa 2016. Maimamu walichaguliwa na serikali, na vijana waliosali nje ya misikiti iliyoandikishwa walijaa jela. Mwezi wa tano 2005, mjini Andijan, askari walipiga risasi kundi la watu, wakaua mamia. Wakubwa wa nje waliokuwa wanamsaidia walisema afadhali yeye kuliko fujo. Maneno hayo tumeyasikia kwetu, kwa lugha ya Kifaransa, miaka 32 ya Mobutu.

Turudi Unguja. Jioni ya tarehe 7 mwezi wa nne 1972, Karume alikuwa amekaa makao makuu ya ASP, Kisiwandui, akicheza bao na wenzake kama alivyozoea. Tukubali kwamba hapo alikuwa bado mtu wa Ng'ambo. Hakujificha katika jumba la Sultani. Askari waliingia wakafyatua risasi. Mmoja wao alikuwa luteni Humud Mohamed, na ilisemwa kwamba alikuwa analipiza kifo cha baba yake. Karume alikufa palepale, na Humud naye aliuawa. Alizikwa hapohapo Kisiwandui.

Polisi wa siri waliofundishwa na Berlin hawakuweza kumlinda. Walijua kila mnong'ono wa kila mtaa, lakini luteni mwenye uchungu wa baba yake hakuwa na ofisi ya kupeleka malalamiko, wala mahakama, wala chama, wala kura. Alikuwa na bunduki tu. Baada ya kifo, watu zaidi ya elfu walikamatwa. Kesi kubwa ya uhaini ilisikilizwa bila wanasheria wa utetezi, na wengi wakahukumiwa kifo. Babu, yule mkomunisti wa Umma, alishikwa bara akakaa gerezani mpaka 1978.

Aboud Jumbe aliyemfuata alilegeza kidogo kamba. Mwaka wa 1977 ASP iliungana na TANU ikawa CCM. Watu wa Zanzibar walirudi kuchagua viongozi wao wenyewe kwa kura mwaka wa 1980, miaka 17 baada ya uchaguzi ule wa hesabu ya ajabu. 

Na ule ugomvi wa mwaka wa 1961 na 1963, kati ya Unguja na Pemba, kati ya watoto wa ASP na watoto wa Hizbu, haukuwa umekufa. Ulikuwa umefunikwa. Vyama vingi viliporudi, kila uchaguzi toka 1995 ulileta ubishi. Tarehe 26 na 27 mwezi wa kwanza 2001 polisi na askari walipiga risasi waandamanaji wa upinzani, hasa ku Pemba. Watu zaidi ya 30 walikufa, na karibu 2000 walivuka bahari kwa mabwato kukimbilia Shimoni, Kenya, wakimbizi wa kwanza kutoka nchi ile iliyotupokea sisi sote. Prezida wa Zanzibar wakati huo alikuwa Amani Abeid Karume, mtoto wa marehemu.

Ni huyo mtoto ambaye mwezi wa 11 mwaka wa 2009 alimpokea ikulu Seif Sharif Hamad, mpinzani wake toka Pemba, wakakaa chini wawili. Mwezi wa saba 2010 watu wa visiwa waliulizwa kwa kura kama wanakubali serikali ya kugawana, na theluthi mbili wakajibu ndiyo. Seif akawa makamu wa kwanza wa prezida.